Pointi moja iliyochukua miaka 15

Ukiwa kwenye daladala la Tegeta ukamwambia konda "nishushe Twiga", atadhani unakwenda kwenye kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Usimlaumu. Kiwanda kile kilianza kutoa saruji mwaka 1966, na mifuko yenye jina la Twiga imejenga nyumba nyingi sana kuanzia Salasala hadi Bunju. Kwa watu wa Tegeta, Twiga ni saruji, basi.

Lakini yupo Twiga mwingine, naye pia ni wa kwetu. Huyu ni Twiga Stars, timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Tanzania. Pengine umewahi kusikia jina lake redioni, pengine hujawahi. Hebu tufanye jaribio dogo. Taja wachezaji watano wa timu ya taifa ya wanaume. Umemaliza? Haya, sasa taja watano wa Twiga Stars. Unaona! Umekwama kwa wa pili, kama si wa kwanza.

Katika makala hii tutaisoma rekodi ya Twiga Stars katika mashindano ya kimataifa. Lakini hatutaishia kwenye magoli. Tunataka ujue ni kitu gani kinaitengeneza rekodi ya timu ya taifa, na kwa nini kitu hicho kinaanzia kwenye mwili wako wewe mwanafunzi wa kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu. Na wewe mvulana usifunge ukurasa. Yako yapo, tena mengi.

REKODI YENYEWE IKOJE?

Tuanze na mashindano makubwa kuliko yote barani kwetu, Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, ambalo wengi huliita WAFCON. Twiga Stars walifika huko kwa mara ya kwanza mwaka 2010, Afrika Kusini. Walicheza mechi 3. Walifungwa na wenyeji Afrika Kusini 2-1, wakafungwa na Mali 3-2, kisha Nigeria 3-0. Mechi 3, pointi sifuri, wakarudi nyumbani.

Usicheke. Ziangalie tena hizo namba. Mbili kati ya mechi hizo walizipoteza kwa goli moja tu. Timu iliyokuwa inafika pale kwa mara ya kwanza haikudhalilika hata kidogo.

Baada ya hapo ikawa kimya. WAFCON zikapita moja baada ya nyingine bila Tanzania. Twiga Stars walikuja kurudi kwenye michuano iliyochezwa Morocco mwezi Julai 2025. Ili wafike huko, mwaka 2023 iliwabidi waitoe Ivory Coast kwa mikwaju ya penalti, kisha Togo, ambayo waliifunga 3-0 hapa nyumbani na kupoteza 2-0 ugenini. Hesabu mwenyewe: 3 kwa 2. Walifuzu kwa goli moja!

Huko Morocco walifungwa na Mali 1-0. Mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Afrika Kusini, mabingwa watetezi. Opa Clement, ambaye aliwahi kuchezea Simba Queens, akafunga goli la kuongoza. Afrika Kusini wakasawazisha, mechi ikaisha 1-1. Mechi ya mwisho Ghana walishinda 4-1, safari ikaishia hapo.

Kwa hiyo kutoka 2010 hadi 2025 Tanzania ilivuna pointi moja kwenye WAFCON. Pointi moja, miaka 15. Mtu asiyejua mpira atasema, "Pointi moja tu?" Anayejua atauliza, "Waliipataje, na kwa nini ilichelewa hivyo?"

Kabla hatujajibu, tuangalie pia karibu na nyumbani. Huku Twiga wana shingo ndefu kweli:

• 2016, Jinja, Uganda: mabingwa wa CECAFA, yaani Afrika Mashariki na Kati. Fainali waliifunga Kenya 2-1.

• 2018, Kigali, Rwanda: mabingwa tena. Mechi yao ya mwisho waliifunga Ethiopia 4-1.

• 2019, Chamazi, kule Temeke: walifika fainali mbele ya mashabiki wao, wakafungwa na Kenya 2-0. Iliuma!

• 2021, Afrika Kusini: walikwenda kama wageni waalikwa kwenye Kombe la COSAFA, la nchi za kusini mwa Afrika. Wageni wakabeba kombe la wenyeji wao. Fainali waliifunga Malawi 1-0.

Halafu kuna wadogo zao, Serengeti Girls, timu ya wasichana walio chini ya miaka 17. Mwaka 2022 walikwenda India kucheza Kombe la Dunia la umri wao, wakawa timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kufika fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Wanaume walikuwa hawajawahi, wa umri wowote. Walianza kwa kufungwa 4-0 na Japani. Wengi wakasema yameisha. Mechi ya pili wakaifunga Ufaransa 2-1, ya tatu wakatoka sare 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali. Huko Colombia iliwatoa kwa 3-0.

KWA NINI MIAKA 15?

Timu ya taifa ni kama paa la nyumba. Ukitaka paa liwe juu, lazima ujenge kuta, na kuta hazisimami bila msingi. Kocha wa timu ya taifa haumbi wachezaji. Anachagua kutoka kwa waliopo. Kama waliopo ni wachache, anachagua kutoka kwa wachache.

Mwaka 2010, Twiga Stars walipokwenda Afrika Kusini, Tanzania haikuwa na ligi kuu ya wanawake ya taifa. Msichana akimaliza shule, kipaji chake kilikuwa hakina pa kwenda. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza mwaka 2016. Leo zipo timu kama Simba Queens, Yanga Princess na JKT Queens. Hao JKT Queens uwanja wao uko Mbweni. Kutoka Tegeta, hapo ni jirani kabisa.

Sasa piga hesabu kidogo. Mchezaji wa Serengeti Girls aliyecheza India mwaka 2022 alizaliwa mwaka 2005 au baada yake. Maana yake ligi ilipoanza 2016 alikuwa na miaka 11 au chini ya hapo. Hiki ni kizazi cha kwanza cha wasichana waliokua huku wakijua kwamba mbele yao kuna ligi. Ligi si sababu pekee ya mafanikio, lakini ukiangalia tarehe hizo utakubali kwamba msingi ulikuwa umeanza kujengwa.

Lakini kati ya miaka 11 na ligi kuu kuna bonde. Wachezaji wengi wanapotelea humo. Bonde hilo ni umri wako wewe unayesoma, miaka 12 hadi 18. Tuchukue mfano. Tuseme shuleni kwenu wasichana 20 wanacheza mpira kidato cha kwanza. Kidato cha pili wamebaki 12, cha tatu 6, cha nne 2. Wale 18 wamekwenda wapi? Hawakuishiwa kipaji. Mmoja alianza hedhi akaona aibu. Mwingine aliambiwa na shangazi kwamba mpira utamharibu. Mwingine aliumia goti, hakupata matibabu. Mwingine alikuwa anachoka haraka, akaitwa mvivu, kumbe ana upungufu wa damu. Mwingine alipata mimba. Mwingine alimkimbia kiongozi wa timu mwenye mikono mirefu.

Umeona? Rekodi ya Twiga Stars inapotelea kwenye mambo ya afya na maneno ya watu, miaka mingi kabla ya mechi ya Morocco. Ndiyo maana gazeti la afya linaandika habari za mpira.

JIRANI ALIYEJENGA MSINGI

Tuazime mfano kutoka mchezo mwingine, mpira wa mikono. Kama umewahi kushiriki UMISSETA umeuona: wachezaji 7 kila upande, unadaka, unapiga hatua, unarusha golini. Watoto wa kike wa uswahilini wanaocheza rede wana msingi wake tayari, maana wanajua kurusha na kukwepa.

Katika mchezo huu malkia wa Afrika ni Angola. Wanawake wa Angola walichukua ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Walipoucheza tena Kinshasa mwaka 2024 walifikisha mataji 16. Tangu 1998 hadi 2024 walilikosa kombe hilo mara moja tu, mwaka 2014, lilipokwenda Tunisia. Kwenye Olimpiki ya Rio ya 2016 walifika robo fainali.

Mwaka 1989 nchi yao ilikuwa vitani, na vita hivyo vilikwisha mwaka 2002. Tayari walikuwa na mataji kadhaa! Utaona basi kwamba si lazima usubiri kila kitu kiwe kizuri ndipo wasichana wacheze. Kinachotakiwa ni kwamba wanapoacha wakubwa, wadogo wawe wameshafika, kila mwaka, bila kukatika. Kukatika huko ndiko kulikotuumiza sisi. Sasa tutazame kamba inakatikia wapi.

ETI...

Maneno ya mtaani hutoa wasichana wengi uwanjani. Hebu tuyachambue moja moja.

"Eti msichana akicheza mpira anapoteza ubikira." Ubikira maana yake ni mtu kutokuwahi kufanya ngono. Mpira hauwezi kukufanyisha ngono! Kile kingozi laini kilicho ukeni, kizinda, hutofautiana kwa kila msichana. Kwa wengine huwa kidogo sana tangu kuzaliwa, na kinaweza kutanuka kwa sababu mbalimbali. Hakuna mtu anayeweza kukitazama akajua umefanya nini na maisha yako. Anayedai anaweza, anakudanganya.

"Eti akicheza sana hatazaa." Si kweli. Kizazi kimekaa ndani ya nyonga, kimelindwa vizuri, wala hakitikisiki kikadondoka. Duniani kote wapo wachezaji waliojifungua kisha wakarudi uwanjani. Lipo jambo moja la kweli ambalo watu wanalichanganya na uzushi huu, nalo tutalieleza kwenye chakula.

"Eti ukiwa kwenye siku zako usikimbie." Unaruhusiwa kabisa. Wasichana wengi wanaofanya mazoezi hupata nafuu ya maumivu ya tumbo. Ukijisikia vibaya sana, pumzika siku moja. Hiyo ni ruhusa, haimaanishi umekatazwa. Tumia pedi au kitambaa safi cha pamba, vaa chupi inayobana vizuri na bukta nyeusi juu yake, badilisha baada ya mechi. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na kianikwe juani kikauke kabisa. Usikifiche uvunguni kwa aibu, maana unyevunyevu hualika vijidudu.

"Eti utakuwa dume." Misuli itakaza, pumzi itaongezeka, basi. Homoni zako ni zile zile. Aisha Masaka amecheza Sweden katika timu ya BK Häcken na Uingereza katika timu ya Brighton. Clara Luvanga amecheza Saudi Arabia katika timu ya Al Nassr. Ni dada zetu, na mpira ndio uliowapandisha ndege.

MWILI WA MCHEZAJI

Damu kwanza. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, takriban 42 wana upungufu wa damu. Damu ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni kwenda kwenye misuli. Ikipungua, unakimbia dakika 10 unahema kama umepanda mlima Wazo na ndoo kichwani. Msichana anapoteza damu kila mwezi, kwa hiyo anahitaji madini ya chuma kuliko mvulana. Minyoo na malaria pia humaliza damu.

Dalili zake ni kuchoka ovyo, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na weupe ndani ya kope na viganja. Ukiziona, nenda zahanati upime damu, ni kipimo kidogo tu. Usikubali kuitwa mvivu kabla hujapimwa.

Chakula cha kuongeza damu si lazima kiwe cha gharama. Dagaa, maharage, choroko, matembele, mchicha, na maini pale yanapopatikana. Ukila mboga au maharage, kula na chungwa au kamulia ndimu, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Na chai? Usiinywe pamoja na mlo. Majani ya chai huzuia madini hayo. Subiri kama saa moja hivi, kisha kunywa chai yako.

Ule shibe ya kutosha. Sasa ndiyo ile habari ya kweli tuliyoahidi. Msichana anayefanya mazoezi makali huku anakula kidogo, labda kwa sababu nyumbani chakula hakitoshi, au kwa sababu anataka kupungua, anaweza kuacha kupata hedhi. Huu ni mwili unaobana matumizi. Mifupa nayo hudhoofika na kuvunjika kirahisi. Kama hedhi yako ilikwisha anza, kisha imekatika miezi 3 mfululizo, usishangilie. Mwone mhudumu wa afya. Na kama umeshafanya ngono, usisubiri miezi 3. Kapime mimba mapema. Mara nyingi, inapokatika kwa njaa na mazoezi, hedhi hurudi mtu akianza kula vizuri.

Goti. Wasichana huumia ligamenti ya goti, ule uzi imara unaoshikilia mfupa wa paja na wa mguu, mara 2 hadi 3 zaidi ya wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla. Mara nyingi hakuna hata aliyemgusa. Anaruka, anatua goti limeingia ndani, unasikia "ko!", goti linavimba. Mechi imeisha kwake, pengine na msimu mzima.

Habari njema ni kwamba inazuilika. Huko Norway walifanya utafiti kwa vijana wanaocheza mpira wa mikono, na matokeo yalitoka mwaka 2005. Timu zilizopasha misuli kwa mazoezi maalumu zilipata majeraha ya goti na kifundo cha mguu kwa karibu nusu ya timu nyingine. Mwaka 2008 yakatoka matokeo mengine ya huko huko, ya wasichana wa miaka 13 hadi 17 wanaocheza soka. Majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja. Hawakutumia mashine. Walitumia dakika 20 kabla ya mazoezi.

Nanyi mnaweza. Fanyeni hivi:

1. Kimbieni taratibu dakika 8, mbele, pembeni, na kuzunguka mwenzio.

2. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, huku mwenzio anakurushia mpira. Badilisha mguu.

3. Lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, nyooka kama ubao. Hesabu hadi 20, rudia mara 3.

4. Chuchumaa nusu na kuinuka mara 10. Goti liangalie mbele, sawa na vidole, lisianguke ndani.

5. Ruka juu na utue taratibu kwa magoti yaliyokunjwa, kama paka. Ukisikia kishindo, rudia.

6. Malizia kwa mbio fupi za kasi na kugeuka.

Mkiumia, pumzisheni, wekeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, fungeni bandeji, inueni mguu. Usimruhusu mtu aliyesikia "ko" arudi uwanjani kwa sababu mnaongozwa goli moja. Na usikimbilie kukandwa kwa nguvu siku hiyo hiyo. Nenda hospitali.

Usisahau maji. Jua la Tegeta unalijua, na vumbi lake pia. Kunywa kabla hujasikia kiu, wakati wa mapumziko, na baada ya mechi. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, umechelewa.

NJE YA CHAKI

Kuna rafu ambazo refa hazioni.

Utafiti ule ule wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, takriban 22 wamewahi kupata mimba. Mimba ya utotoni huondoa uwanjani na darasani kwa pamoja. Kusubiri ni kinga isiyokosea. Anayefanya ngono atumie kondomu kila mara, kwa sababu inakinga mimba, VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Na kama imeshatokea kwa mwenzako, msimzike angali hai. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za mfumo rasmi. Akirudi darasani, anaweza pia kurudi uwanjani baada ya mwili kupona na mhudumu wa afya kumkubalia.

Rafu nyingine ni mtu mzima anayekwambia, "Ukitaka namba kwenye timu, njoo tuonane jioni." Hata kama anatania. Hata kama ndiye anayewanunulia jezi. Huyo ni mkosaji, wewe huna kosa lolote. Rushwa ya ngono imekatazwa na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kumfanyia mtoto jambo hilo ni kosa kubwa la jinai. Usiende peke yako nyumbani kwa kiongozi. Mwambie mama, dada, mwalimu unayemwamini. Namba ya simu ya kumsaidia mtoto ni 116, kupiga ni bure, na ya TAKUKURU ni 113. Ukiambiwa na wa kwanza "acha kutuletea aibu", mwambie wa pili. Usinyamaze.

NA WEWE, KAKA?

Tulikuahidi. Uwanja wa shule ni mmoja, na kila jioni chandimu lenu limeujaza. Wasichana wamekaa pembeni wanangoja mchoke. Mkichoka, jua limezama na wao wanatakiwa nyumbani kuchota maji na kupika. Sasa jiulize, nani amewanyima mazoezi?

Gaweni siku. Jumatatu na Jumatano wavulana, Jumanne na Alhamisi wasichana. Ndugu zao wa kiume nyumbani washike ndoo siku hizo mbili, mikono haitaanguka. Na zile kelele za kushangilia kifua cha msichana anapokimbia, ziacheni. Wapo waliokiacha kipaji kwa sababu ya kelele hizo tu.

Walimu wetu na wazazi, nanyi mna sehemu. Choo chenye mlango na maji shuleni ni kifaa cha michezo kama mpira. Bila hicho, kila mwezi mchezaji wenu anakosa siku kadhaa.

ANZENI HIVI

Kama wewe ni msichana na uliacha kucheza, rudi wiki hii. Tafuta wenzako 6, mnatosha kwa mpira wa mikono. Mkifika 11, mna timu ya soka. Ombeni siku ya uwanja kwa mwalimu wa michezo. Chagueni mmoja asimamie zile dakika 20 za kupasha misuli, na mwingine atunze mfuko wenye pedi, bandeji na chupa ya maji. Andikeni majina kwenye daftari kila wiki. Jina likikosekana mara mbili, mwendeeni nyumbani mkajue kulikoni. Pengine ni damu, pengine ni goti, pengine ni maneno. Yote hayo yana dawa, mradi ajulikane mapema.

Mwisho wa mwaka lifungueni daftari mhesabu. Mkianza 20 mkamaliza 20, mmefanya kazi ambayo hakuna kocha wa taifa anayeweza kuifanya akiwa ofisini. Ile pointi ya Morocco iliwahitaji wachezaji ambao hawakupotelea bondeni. Pointi tatu zinawahitaji wengi zaidi, na baadhi yao wako darasani kwenu hivi sasa, wanafikiria kuacha.

Usiwaache waache. Kazi kwako!